Tulichangia calavati wenyewe, leo tunaambiwa tupishe wenye mtaa!

Wakuu salaam. Wa huku Mbeya mnaosoma mkiwa ndani ya blanketi, poleni na baridi. Uzi ni mrefu na nina hasira, asiye na muda apite tu.

Jana asubuhi nipo kwenye fremu yangu Ilomba nakata suruali ya mteja, ikaingia meseji. Nainakili ilivyo: "Dada habari za kazi. Nyumba imepata mteja. Naomba mpaka tar 30 vyumba vyote na fremu viwe wazi. Mungu akubariki."

Basi. Miaka 17 imekwisha kwa mistari miwili. Aliyeituma ni mtoto wa marehemu mama mwenye nyumba, siku hizi yuko Dar. Huyo nilimshonea sare za shule ya msingi, alikuwa anakuja kujaribu kaptula huku analia pini imemchoma. Leo ndiye ananibariki.

Kabla hamjaniuliza "kwani nyumba ni yako?", najua si yangu. Mimi mpangaji. Ninachotaka tuulizane ni nini kilichoifanya nyumba hiyo ipate mteja.

Nilipohamia hapa 2008 gari lilikuwa haliingii. Masika mfereji ukifurika, mgonjwa anabebwa mgongoni hadi barabara kuu. Koki ya maji ni moja, kaya zaidi ya thelathini, saa kumi alfajiri foleni ya ndoo imeshapangwa na wenyewe wamerudi kulala. Dalali ukimtajia mtaa wetu anacheka. Tukakaa kikao chini ya mparachichi wa mzee mmoja, tukakubaliana kila kaya elfu kumi na tano tujenge calavati, yaani kidaraja cha kupitisha maji chini na gari juu, na hakuna aliyeuliza nani mpangaji nani mwenye nyumba. Mawe tulisomba wanawake, kwa kichwa. Mjumbe akaandika kila kitu kwenye kaunta buku: jina, kiasi, saini. Mimi ni namba 22. Baadaye tukachanga tena kuvuta maji. Namba 22 nipo tena.

Gari likaanza kuingia. Gari lilipoingia, dalali naye akaingia. Halafu ikaja habari ya barabara ya njia nne, ile ya kilomita 29 kutoka Nsalaga mpaka uwanja wa ndege wa Songwe, hapo ndipo bei zilipovua viatu zikakimbia. Chumba nilichoanza nacho kwa elfu 15 sasa ni elfu 60. Fremu ya jirani imepangishwa mwezi uliopita kwa laki na ishirini, kodi ya miezi sita mkononi, na ya mwezi mmoja ya dalali juu yake, ambaye kazi yake ilikuwa kufungua kufuli.

Yule mzee wa mparachichi aliuza mapema. Alipewa hela akaona nyingi, kwa sababu hajawahi kuziona nyingi. Hati hakuwa nayo, ana karatasi ya mauziano ya zamani tu, basi wakamwambia "mzee, bila hati bei ndiyo hii". Aliyenunua akafuatilia hati, akauza kiwanja kilekile kwa karibu mara tatu. Mzee sasa yuko Igawilo. Kila Jumapili anapanda daladala mpaka Uyole, anaunganisha nyingine mpaka huku, kwa sababu kwaya yake iko huku na makaburi ya watu wake yako huku. Akipita pale kwake hageuzi shingo. Mparachichi ulikatwa wiki ya kwanza.

Mnunuzi wa mwisho aliunganisha viwanja vitatu, akazungusha ukuta wenye vipande vya chupa juu. Ukuta ukameza kichochoro ambacho watoto walikuwa wanapita kwenda shule, kwa hiyo sasa wanazunguka kwa barabara kuu, pamoja na malori ya kwenda Tunduma. Mwezi wa pili akapeleka malalamiko kwamba nguruwe wa mama wa nyumba ya pili wananuka. Wananuka kweli, sibishi, ni nguruwe. Lakini wamenuka tangu 1995 na wamesomesha watoto wanne. Mama wa watu akaambiwa awaondoe, akauza wote kwa bei ya kutupa.

Sasa hapa ndipo niliponyamaza siku ile na leo ninajuta. Huyo jirani mpya si mtu mbaya. Mke wake alinipa kazi ya mapazia, nyumba nzima, madirisha 14. Nikaenda na tepu yangu kupima. Nikapanda ghorofani, dirisha la nyuma, nikachungulia. Sijawahi kuona mtaa wetu kutoka juu. Niliona bati letu lenye kutu na mawe tuliyoyaweka upepo usilibebe. Niliona mashuka yangu kwenye kamba. Jirani yangu amekaa mlangoni anachagua mchele. Nikawaza, kumbe tunaonekana hivi. Mwenye nyumba akaja kusimama pembeni yangu na chai yake, akasema kwa upole kabisa: "Hapo chini patapendeza sana siku wakihama."

Hakujua mimi ni wa hapo chini. Nikasema "upana sentimita mia na hamsini" nikaandika. Mapazia nilishona, hela nilipokea, tena alilipa yote bila kuomba kupunguziwa. Ndiyo maana nasema maendeleo siyakatai. Wateja wa kueleweka wameongezeka, taa zipo, usiku mwanamke unatembea. Ninachouliza ni kwa nini kila kitu kikishakuwa kizuri, sisi tuliokaa nacho kikiwa kibaya ndio uchafu unaobaki kuondolewa.

Wasomi wana jina la jambo hili, jentrifikesheni, neno refu kuliko mkataba wangu wa pango (ambao haupo). Alilitunga mwanasosholojia Ruth Glass mwaka 1964 akiangalia mitaa ya wafanyakazi kule London, kama Islington, watu wenye uwezo wakinunua nyumba moja moja mpaka mtaa mzima ukabadilika watu. Kwa Kiswahili cha kwetu: mabwanyenye kuhamia uswahilini. Kuna jamaa humu aliwahi kunibishia kwa utafiti wa Marekani, wa Freeman na Braconi wa 2004, kwamba New York maskini wa mitaa iliyopanda hadhi hawakuhama zaidi ya maskini wa mitaa mingine. Sawa mkuu, nimekubali. Ila hukumalizia. New York ina nyumba karibu milioni moja ambazo kodi yake haipandi mpaka bodi iseme ipande kwa asilimia ngapi. Hapo hata mimi nisingehama! Sisi tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya 1984, ikafutwa 2005. Tangu hapo kodi ni makubaliano. Makubaliano gani kati ya mwenye ufunguo na mwenye watoto?

Na tusisahau LUKU. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme. Ni kodi ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni nani? Shilingi 1,500 kwa mwezi naichangia na wapangaji wenzangu, na hakuna hata siku moja tulikatiwa kwenye pango. Yaani kwenye kulipa, jengo ni letu.

Mama yangu alikuwa na meza ya mchele wa Kyela soko la Mwanjelwa. Likaungua 2006, akabaki na mizani. Akahamia soko la SIDO, nako kukaungua 2011, kisha tena 2017. Alianza upya mara zote tatu, kwa hiyo kuanza upya tumezoea ukoo mzima. Lakini moto haukuandikii "Mungu akubariki".

Nilimpigia yule kijana aliyetuma meseji. Nikamwambia baba, mimi sikatai kuondoka, nipe miezi mitatu, nina sare za shule nimeshapokea malipo ya awali, nina watu wanajua kwamba nguo zao ziko hapa. Akasema mteja anataka nyumba tupu. Nikamwambia marehemu mama yako alinihakikishia nitakaa. Akasema "dada, una maandishi?"

Maandishi. Karatasi pekee Ilomba nzima yenye jina langu ni daftari la mjumbe.

NYONGEZA, saa nne usiku. Nimesoma majibu yenu.

Mnaosema "si ununue kiwanja Igawilo kama wenzako": mimi fundi cherehani. Mteja wa zipu ya elfu mbili hapandi daladala mbili kunifuata. Nikihama nahamisha cherehani, wateja siwezi kuwatia kwenye kiroba.

Anayesema nina wivu na matajiri: ndiyo, kidogo, hasa kwenye maji ya moto asubuhi za Juni.

Aliyeuliza nyumba inauzwa bei gani ili amlete ndugu yake, Mungu anakuona.

Na wewe mwenye nyumba wa Uyole uliyeandika kwamba wapangaji ni wasumbufu, mkataba wa maandishi na notisi ya miezi mitatu ungekulinda na wewe pia. Mpangaji wako akikutoroka usiku na deni la kodi na umeme, unaishika karatasi gani?

Tarehe 30 ni wiki mbili. Nina cherehani mbili, pasi ya mkaa, meza ya kukatia na mtoto wa darasa la sita. Mwenye kujua fremu kuanzia Ilomba mpaka Sae, isiyozidi elfu 50, isiyodai miezi sita, anitumie ujumbe pembeni. Madalali kaeni huko huko.