“Sikio la kufa halisikii dawa”: je, sikio hilo limekwisha kufa?

Mwalimu wa Kidato cha Pili
Ndugu wanajukwaa, wanafunzi wangu wanaieleza methali hii kwa kusema kwamba sikio linalotajwa ni kiziwi, yaani limekwisha kufa, na ndiyo maana halisikii. Maelezo hayo yanapatana na desturi ya kumwambia mkaidi methali hii, lakini hayaonyeshi kwa nini ikatajwa dawa badala ya neno au onyo. Naomba msaada wenu.

Mpenda Sarufi
Mwalimu, tazama “la kufa”. Wahenga hawakusema “sikio lililokufa”. A-unganifu (hapa “la”) ikifuatwa na kitenzi-jina (hapa “kufa”) mara nyingi huonyesha jambo ambalo bado halijatokea: nguo za kufua bado ni chafu, nyumba ya kupangisha bado haina mpangaji, na mgonjwa wa kufa bado anapumua. Kwa hiyo sikio hili li hai, linauma, pengine linatoa usaha, na wenyewe wanalihangaikia kwa kila dawa, ila mwisho wake umekwisha kuandikwa. Hapo ndipo ulipo uchungu wa methali, kwa kuwa anayesemwa ni mtu ambaye watu wangali wanamshauri. Tukiwafundisha vijana kwamba sikio limekwisha kufa, tunawanyima sehemu hiyo.

Mzaliwa wa Tanga
Nakubaliana na mwenzangu, na ningependa kuongeza kuhusu kitenzi. Jeraha lisilopona husemwa kwamba halisikii dawa, ingawa jeraha halina sikio. Maana yake ni kwamba dawa haifanyi kazi. Kusikia kwetu hakuishii masikioni, kwani tunasikia njaa, tunasikia baridi na tunasikia harufu, na mtoto msikivu ni yule anayetii anachoambiwa. Basi dawa imo kwa sababu ya ugonjwa, na ushauri umo kwa sababu ya sikio. Nadhani pia tusiichanganye methali hii na usemi wa kutia pamba masikioni. Aliyetia pamba amekataa kwa hiari yake na anaweza kuitoa wakati wowote. Sikio la kufa halina nafasi hiyo, na kwa hiyo si vyema kumtupia maneno hayo mtoto aliyekosea mara moja.

Msomaji wa Isimu
Liko jambo jingine linaloipa methali hii nguvu yake. Kwa sikio, Wakikuyu husema gũtũ, Waganda okutu na Wanyarwanda ugutwi, na maneno hayo yote yana asili moja ya Kibantu. Lakini Kiswahili kimeliita sikio kutokana na kitenzi chenyewe, sikia, kama fagio lilivyotokana na fagia. Ndiyo maana “sikio” na “halisikii” yanaitikiana katika sentensi fupi kiasi hicho, na kiungo kinatajwa kwa kazi ile ile kinayoshindwa kuifanya.