Tupeane uzoefu: Ndege tuliowatazama Pune, na wale ambao kumbe tunawafahamu tangu nyumbani

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, naomba tuliowahi kusoma, kufanya kazi au kuuguza jamaa katika jiji la Pune, jimbo la Maharashtra nchini India, tusimuliane matembezi yetu ya kutazama ndege. Tafadhali taja mahali, mwezi na hali uliyoikuta, ili wanaokwenda sasa wapate pa kuanzia.

Naanza mimi. Nilifika mwaka 2015 kusomea uhandisi wa majengo. Mwenzangu wa darasani, Mmarathi aliyezaliwa hapo hapo, alinichukua alfajiri moja ya Januari kupanda Vetal Tekdi, kilima kirefu kuliko vyote ndani ya jiji, akanikabidhi darubini ya baba yake na kunisihi nisihangaike kutafuta ndege bali nisimame kimya. Kwale walianza kuitana vichakani, kisha tausi dume akatoka taratibu kwenye nyasi kavu, karibu na machimbo ya zamani ya mawe yanayotunza maji ya mvua. Nilipogeuka niliona maghorofa yanayojengwa pande zote za kilima. Nilikuwa najifunza kujenga majengo ya aina ileile, na tangu siku hiyo sikuweza tena kusoma ramani ya kiwanja bila kujiuliza nani alikuwa akiishi pale kabla yetu. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu zaidi ya watu milioni 3 jijini, na baadaye vijiji 11 viliingizwa ndani ya mipaka ya jiji mwaka 2017, kisha vingine 23 mwaka 2021. Kilima chenyewe kimepangiwa barabara na mahandaki, na wakazi wengi wanaopanda kila asubuhi wamejitokeza kupinga.

Mchangiaji wa Mombasa

Ahsante, ndugu yangu. Hadithi yangu ni ya ndege ambaye wengi hawatamhesabu kuwa wa kutazamwa, yaani kunguru mwenye shingo ya kijivu, ambaye kwetu tunamwita kurabu. Nimekua nikimchukia. Anaiba chakula, anakula mayai na makinda ya ndege wetu wadogo, na wazee walitueleza kwamba si mwenyeji wa pwani, bali aliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha taka.

Nilipomkuta Pune nilitaka kugeuza uso, lakini mama mwenye nyumba wangu alinifundisha kumwangalia upya. Mwezi wa Septemba, katika majuma mawili ambayo Wahindu huwakumbuka marehemu wao, aliweka wali juu ya jani nje ya mlango, akasubiri kwa utulivu mkubwa mpaka kunguru aje aguse, kwa kuwa kwao kunguru akila ni alama kwamba marehemu wameridhika. Alimwita *kavla*. Kuanzia Machi, ndege mwingine aitwaye koel alikuwa akiita kutwa juu ya mwembe wetu kwa sauti inayopanda na kupanda, dume mweusi tititi, jike mwenye madoadoa. Niliwaona kwa macho yangu wakiwasumbua kunguru waliokuwa wakijenga kiota, kwani koel hutaga mayai yake ndani ya viota vya kunguru na kuwaachia kazi ya kulea. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikuwahi kulifikiria nikiwa Mombasa: huku kwetu kurabu alikuja peke yake, na koel alibaki kwao. Bado nasikitikia viota vinavyoharibiwa nyumbani, ila ndege mwenyewe siwezi tena kumchukia, kwani hakujileta.

Mchangiaji wa Arusha

Mimi nawashauri wote wafike Bhigwan, mwendo wa kilomita 100 hivi kutoka Pune kwa barabara ya Solapur. Ni maji yaliyosukumwa nyuma na bwawa la Ujjani katika mto Bhima, na kadiri maji yanavyopungua baada ya mwaka mpya ndivyo tope linavyojitokeza na ndege wanavyoongezeka. Tulikwenda Februari, tukiondoka saa tisa za usiku ili tufike kabla ya jua. Wavuvi wa pale ndio wanaowapeleka wageni kwa mashua zao, na yule aliyetuchukua alizima injini mapema na kutumia mti kuisukuma mashua, bila kuambiwa, ili heroe wasishtuke.

Nimezoea kusikia habari za heroe wadogo wanaozaliana Ziwa Natron. Hawa wa Bhigwan ni heroe wakubwa, warefu zaidi na weupe zaidi, ambao rangi yao ya waridi huonekana sawasawa pale tu wanapofungua mbawa. Pembeni yao walikuwapo mabata bukini wenye mistari miwili myeusi kisogoni, ambao huvuka milima ya Himalaya kuja kukwepa baridi. Nilimwambia mvuvi kwamba heroe tunao kwetu pia. Alifurahi kweli, akaniuliza kama wavuvi wetu nao wanapata wageni kwa sababu yao.

Mchangiaji wa Dodoma

Yangu ni fupi na inaniuma. Kavadi, mashariki ya jiji, kando ya mto Mula-Mutha. Desemba mabata wa rangi ya dhahabu, ambao Wamarathi huwaita *chakravak*, walikuwa wengi ajabu, lakini mapovu meupe ya maji machafu ya jiji yalikuwa yakielea katikati yao na harufu ilitufanya tufunike pua. Kijana aliyetuongoza alikuwa na gunia, na wakati wa kurudi tuliokota plastiki pamoja naye kwa muda wa saa nzima.

Mwanzisha mada

Pole, dada. Nami niliyaona hayo katika ziwa la Pashan, ambako maji taka yamelisha magugu maji mpaka sehemu kubwa ya ziwa ikafunikwa. Tuendelee.

Mchangiaji wa Voi

Mwishoni mwa Novemba tulikwenda Lonavala, mji wa milimani ulio njiani kuelekea Mumbai, kuwaangalia kozi wa Amur. Hawa ni kozi wadogo wenye miguu myekundu, wanaozaliana mashariki ya Urusi na kaskazini ya China, kisha wakapitia India na kuvuka Bahari ya Arabu, zaidi ya kilomita 2,000 pasipo mahali pa kutua, hadi Afrika. Wanavuka wakati kaskazi inavuma na kuwasukuma kwa nyuma, na watafiti wanaamini kwamba njiani hula kereng'ende wanaosafiri kwa upepo huohuo. Tulihesabu 14 wakizunguka juu ya nyasi za mlimani, na mwalimu aliyetuongoza alisema kwamba kesho yake huenda wasiwepo.

Mwaka uliofuata nilikuwa nimerejea nyumbani. Desemba, baada ya mvua kubwa, kumbikumbi walitoka ardhini jioni, na angani nikawaona walewale, kozi wa miguu myekundu, wakiwadaka mmoja mmoja. Nilimwita baba yangu aje aone. Nikamweleza walikotoka, naye akasema kwamba kila mwaka alikuwa akiwaona baada ya mvua na kudhani ni wa hapa hapa.

Mchangiaji wa Tanga

Ndugu wa Voi amenigusa, kwa kuwa yangu ni safari ya upande wa pili. Karibu na Saswad, kusini-mashariki ya Pune, wiki ya kwanza ya Juni, ardhi ilikuwa imekauka na wakulima walikuwa wakitazama mawingu. Juu ya mti wa mgunga alitua kekeo mwenye kishungi, mweusi mgongoni na mweupe tumboni, akaanza kuita. Mzee mmoja aliyekuwa na ng'ombe alisimama, akatuambia jina lake ni *chatak*, kwamba tangu zamani husemwa hanywi maji mengine isipokuwa matone ya mvua, na kwamba akifika, mvua haiko mbali. Mwenzangu aliyebeba kitabu cha ndege akaniambia kekeo huyo hutoka Afrika, akija na pepo za kusi.

Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, na kusi kwetu lilikuwa neno la kila siku. Nilimweleza yule mzee, kwa Kihindi changu kidogo, kwamba ndege wake ametoka upande wa kwetu. Aliniuliza kama kule ameacha kunanyesha.

Mvua ilifika Pune siku ya sita.