Mama ana sukari, simu janja haitaki. Mnafanyaje?

Mtoto wa Kitangari
Wakubwa shikamooni. Mama yangu yuko Kitangari, ana sukari na presha, mimi niko Mtwara mjini. Kaka yetu wa Dar kamtumia simu janja yenye programu ya kuandikia vipimo na kukumbusha dawa, pamoja na mashine mpya ya sukari. Simu haitaki kabisa. Akiigusa haisikii, vidole vimekakamaa kwa kubangua korosho, anasema inambagua. Kengele ya dawa ikilia anadhani kapigiwa, "haloo, haloo", mpaka inanyamaza. Sasa leo kaniambia sukari ni 148! Mashine ya zamani ilikuwa inasoma 7 au 8. Nikodi gari?

Nesi mstaafu, Masasi
Marahaba mwanangu. Gari subiri. Tazameni maandishi madogo pembeni ya namba: mmol/L au mg/dL? Kama ni mg/dL, gawa kwa 18. 148 ni kama 8.2, yaani mama yuko palepale, mashine ndiyo imebadilika. Ila uliza kapima saa ngapi. 8.2 kabla ya chai iko juu kidogo. Saa mbili baada ya ugali haina neno. Ya kukimbilia ni ikishuka chini ya 70 kwa mashine hiyo (3.9 kwa ile ya zamani): apewe maji ya sukari au soda ya kawaida, apimwe tena baada ya dakika 15. Na daftari lake la kliniki msilitupe kwa sababu ya simu.

Mkwe wa Nachingwea
Sisi programu iko kwangu. Mjukuu anapiga picha kioo cha mashine, anatuma WhatsApp kwenye grupu la familia, mimi naandika. Kengele tuliweka sauti ya mjukuu mwenyewe: "Bibi, dawa!" Hapo anaitika. Shida ni msimu wa korosho, mjukuu yuko shambani na picha hazionekani.

Binti Mingoyo
Grupu zima? Mama mwenyewe kaulizwa? Wangu aligoma baada ya wifi yake kuanza kumhesabia vitumbua.

Mtoto wa Kitangari
Nesi, ahsante sana. Jirani kasoma, ni mg/dL, na alipima baada ya kula. Sauti ya mjukuu kaikubali. Picha atatuma kwangu tu, kaka asizione, maana "atanipigia kelele na hela ya dawa hatumi."