Hotuba ya mwenge, 1959: nini kinaifanya ishike moyoni?

Mwl. wa mdahalo, Iringa: Wanafunzi wangu wanaikariri ile hotuba ya Nyerere ya kuwasha mwenge juu ya Kilimanjaro bila kukosea. Nikiuliza kwa nini inagusa, wananijibu "ina hisia". Hisia! Nisaidieni.

Babu Msikilizaji: Waambie wahesabu jozi, mwalimu. Mwenge ulete tumaini palipo na kukata tamaa, upendo palipo na chuki, heshima palipo na dharau. Jozi tatu, na ya mwisho ndiyo nzito. Njaa mtu husahau akishashiba. Kudharauliwa je? Mimi niliitwa "boi", yaani mtoto wa kutumwa, nikiwa na watoto wanne, hadi leo nalisikia.

Mkalimani: Kumbukeni Nyerere aliitoa kwa Kiingereza, kwenye Baraza la Kutunga Sheria, na alisema mshumaa, si mwenge. Kiswahili ndicho kilichoupa ukubwa wa mwenge. Nadhani tulifanya vizuri, mshumaa kileleni Kibo ungezimwa na upepo.

Mama Katekista: Mbona hizo jozi zinafanana na sala ya amani inayohusishwa na Fransisko wa Asizi? Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki wa misa kila siku.

Mwl. wa mdahalo, Iringa: Shikamoo Babu, ahsanteni nyote. Kesho nafuta "dharau" ubaoni naandika "shida", nione kama watashtuka.