Kompyuta ya mezani haiwaki baada ya umeme kukatika na kurudi: je, ni mazabodi (bodi kuu ya kompyuta)?

Mwenye stesheneri, Kirumba
Ndugu zangu, salaam. Juzi jioni, radi zilipoanza kupiga upande wa ziwani, umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu hadi taa zikang'aa kupita kawaida, kisha ukakatika tena. Tangu hapo kompyuta ninayochapia kazi za wateja haiwaki. Taa ndogo ya kijani kwenye mazabodi inaonekana, lakini nikibonyeza kitufe, feni inashtuka kidogo na kusimama. Fundi ameitazama kwa haraka akasema mazabodi imeungua, ninunue nyingine. Kabla sijatoa fedha, naomba kujua namna ya kuthibitisha, kwa maana ndani yake kuna barua na fomu za watu ambazo sina nakala zake.

Fundi, Nyakato
Pole sana ndugu. Mazabodi usinunue kwanza. Taa hiyo huonyesha kwamba umeme mdogo wa volti 5, ambao hubaki hata kompyuta ikiwa imezimwa, unafika. Kwa hiyo soketi, fyuzi ya plagi na waya ni vizima. Feni inayoshtuka na kusimama ni dalili kwamba pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, inajizima, ama kwa sababu kuna shoti mahali fulani, ama kwa sababu yenyewe imedhoofika, nami huishuku yenyewe kwanza kwa kuwa ndiyo inayopokea kishindo umeme unaporudi.

Chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 15 ili chaji iliyobaki iishe, kisha ondoa printa, flashi, diski na kadi za ziada, ubakize prosesa na feni yake pamoja na kipande kimoja cha RAM (kumbukumbu ya muda). Ikiwaka, rudisha kimoja kimoja, ukizima na kuchomoa kila mara. Isipowaka, azima pawa saplai nyingine, ila linganisha plagi kwanza, kwani baadhi ya Dell na HP za ofisini hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24. Pawa saplai yenyewe usiifungue kamwe: kapasita zake, vipande vinavyohifadhi chaji, huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomolewa.

Mdau, Igoma
Wapo watakaokuambia uunganishe waya wa kijani na mweusi kwenye plagi ya pawa saplai, na kwamba feni ikizunguka basi pawa saplai ni nzima. Kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu pawa saplai iliyochoka huweza kuzungusha feni yake na bado ikashindwa mzigo wa mazabodi. Barua za watu zimo kwenye diski, wala si kwenye mazabodi, kwa hiyo diski hiyo isomwe kwenye kompyuta nyingine leo hii, kabla ya matengenezo yoyote.

Mwenye stesheneri, Kirumba
Asanteni sana. Barua zote zimepatikana. Nilipoondoa vifaa vyote hali ilibaki vile vile, lakini kwa pawa saplai ya jirani kompyuta imewaka. Tatizo lililobaki ni kwamba tarehe imerudi nyuma miaka mingi.

Fundi, Nyakato
Hiyo ni betri ya CR2032 iliyoisha, ile ndogo ya mviringo kwenye mazabodi inayotunza saa na tarehe. Umeme wa ukutani ulikuwa ukiificha, nawe ulipochomoa ndipo ikajulikana. Ibadilishe, ni ya volti 3. Pawa saplai utakayonunua isiwe na wati pungufu ya zilizoandikwa kwenye lebo ya ile ya zamani, na umeme ukikatika tena, chomoa plagi mpaka urudi na kutulia.