Tupeane uzoefu: kompyuta za ofisi kurudi nyuma saa moja kila Oktoba

Fundi_AreaC
Wakuu, Tanzania hatusogezi saa. Mwaka mzima tuko UTC+3 (saa tatu mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia). Lakini ikifika mwisho wa Oktoba simu ni zilezile: "kompyuta imerudi nyuma saa moja." Kagua ukanda wa saa kwanza. Mashine ikiwekwa ukanda wa Athens au Helsinki, majira ya joto ya huko ni UTC+3 kama Dodoma, hivyo miezi saba hakuna anayeona kasoro. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Ulaya inarudisha saa, mashine nayo inafuata. Kwenye Windows chagua (UTC+03:00) Nairobi. Usiitafute Dodoma, haimo. Linux ni `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`.

Mama_Seva
Naongezea: usisogeze saa kwa mkono kuficha ukanda mbovu. Kioo kitaonyesha sawa, ila UTC ya ndani itakuwa imepotoka saa nzima. Kwenye domeini (mtandao wa ofisi ambao seva inasimamia akaunti zote), Kerberos, mfumo unaothibitisha anayeingia, kwa kawaida huvumilia tofauti ya saa ya dakika 5 tu, kwa hiyo watu wataanza kukataliwa kuingia na utahangaika na pasiwedi zisizo na kosa.

Chanzo cha saa cha nje kipe seva moja tu, ile yenye jukumu la PDC (kidhibiti kikuu cha domeini):
`w32tm /config /manualpeerlist:"0.africa.pool.ntp.org,0x8 1.africa.pool.ntp.org,0x8" /syncfromflags:manual /reliable:yes /update`
Zima na washa w32time (huduma ya saa ya Windows), kisha `w32tm /resync`. Zilizobaki ziachie domeini: `w32tm /config /syncfromflags:domhier /update`. Ukipiga `w32tm /query /status` ukaona Local CMOS Clock, seva inasoma saa ya ubao wake yenyewe, si chanzo cha nje. Angalia kama UDP 123 (njia ya NTP, usawazishaji wa saa kupitia mtandao) imefungwa kwenye faiawoli. Na kama seva hiyo ni pepe (virtual) ndani ya Hyper-V, ondoa tiki ya Time synchronization, la sivyo inapata vyanzo viwili vya saa vinavyovutana.

Kibaigwa_Stoo
Huku sokoni ugonjwa ni betri. Kompyuta ya mizani ikichomolewa kwenye soketi kila jioni, saa inategemea CR2032 (betri ya kidonge ya ubao mama) peke yake. Pima kwa mita: mpya ni volti 3, ikishuka chini ya 2.7 badilisha. Ikifa, tarehe inarudi miaka ya nyuma na tovuti zinakataa kufunguka kwa sababu vyeti vyao vya usalama havilingani na tarehe hiyo. Hapo resync pia inagoma: Windows isiyo kwenye domeini haikubali kurekebisha zaidi ya saa 15 kwa mkupuo. Weka tarehe kwa mkono kwanza, ndipo u-resync.

Mhasibu_Singida
Tunaouza alizeti na asali nje: mteja wa London akisema mwisho ni 17:00, kwetu ni saa mbili usiku wakati wa baridi yao, saa moja usiku wakati wa joto. Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya ya mwisho wa Machi, kwa hiyo katikati hapo tofauti ya New York imeshabadilika na ya London bado. Andikeni muda kwa UTC kwenye makubaliano, na kwenye hifadhidata pia.

Fundi_AreaC
Sawa kabisa. Na jamani, `0 2 * * *` kwenye cron (ratiba ya kazi za kujiendesha ya Linux) ni saa nane usiku. Anayeambiwa "nakala ichukuliwe saa mbili usiku" aandike 20 badala ya 2.

DVR_Kisasa
Kamera: DVR (vinasa picha vya kamera za ulinzi) nyingi hutoka kiwandani na GMT+8. Weka GMT+3, ondoa tiki ya DST (kusogeza saa kimajira), washa NTP.