Mjadala: Mama akijua kusoma, binti yake ameepuka kisu?

Wadau, kila tukizungumzia ukeketaji kuna hoja haikosi: wafundisheni wanawake kusoma na kuandika, mila hiyo itajifia yenyewe. Nusu yake naikubali. Nusu ya pili inaniuma.

Ni kweli kwamba katika nchi nyingi zenye mila hii, binti wa mama aliyesoma hunusurika zaidi kuliko binti wa mama asiyesoma. Kenya wanawake waliokeketwa walikuwa asilimia 38 mwaka 1998, na 15 mwaka 2022. Sheria ya 2011 ya kupiga marufuku ukeketaji imechangia, na shule imechangia.

Lakini tazameni Misri. Elimu ya wanawake imepanda sana, na bado mabinti wengi wanakeketwa, siku hizi mara nyingi na daktari au muuguzi. Mama amesoma kuhusu tetenasi na kutokwa na damu, basi amemwacha ngariba, yeye akampeleka binti hospitali. Ameogopa wembe mchafu, mila kaibakiza palepale.

Niliwahi kufundisha kisomo cha watu wazima. Mwanafunzi wangu mmoja alianza hajui kuandika hata jina lake. Siku moja akaja na kadi ya kliniki ya bintiye, akaisoma yote kwa sauti, kidole kikifuata mstari, darasa zima likampigia vigelegele. Likizo ndefu ilipofika, binti akakeketwa. Nilipomuuliza hakunikwepa: "Mwalimu, madhara nayajua, nimeyasoma mwenyewe. Lakini ataolewa na nani?"

Sikuwa na jibu. Familia ikiacha peke yake, anayebaki bila mchumba ni binti yao, na hilo mama analijua kuliko mwalimu yeyote.

Ndiyo maana narudi kila mara kwa wanawake wa Malicounda Bambara, Senegal. Walisoma kwa lugha yao, chini ya shirika la Tostan, na pamoja na herufi walijadili afya na haki zao, hadi Julai 1997 wakatangaza hadharani kwamba wameacha kukeketa. Kisha mzee Demba Diawara, imamu wa kijiji cha Keur Simbara, akaona pengo: vijiji vinaoleana, kimoja hakiwezi kuacha chenyewe. Akatembea kwa miguu kijiji hadi kijiji kuzungumza na ndugu zake. Februari 1998 vijiji 13 vikatoa tamko la pamoja kule Diabougou. Senegal ilipopitisha sheria ya kukataza ukeketaji 1999, watu walikuwa wameshaanza kuacha.

Kwa hiyo nasema darasa la akina mama peke yao halitoshi. Waume waketi humo, mama wakwe waketi, na vijiji wanakoozeshana navyo viwe na darasa lao msimu uleule.

Mnaoamini kisomo kinatosha, karibuni. Ila anzeni na yule mama: binti yake angeolewa na nani?